Meza ya Kifaransa Mjini Moscow

Mgeni afikaye Moscow na kutamani chakula chenye asili ya Ufaransa aghalabu huelekezwa penye mapazia mazito na vijiko vya fedha. Huambiwa habari za Café Pushkin, na pengine huamini kuwa nyumba ile ni urithi wa zama za makabaila. Kumbe ilifunguliwa mwaka 1999. Jina lilitangulia kuta: Gilbert Bécaud, mwimbaji wa Kifaransa, aliutaja mkahawa wa jina hilo katika wimbo wake wa mwaka 1964, ambapo mkahawa wenyewe haukuwapo. Chakula chake kina sifa, na bei yake pia. Walakini atakaye kujua Ufaransa ilifanya nini katika jiko la Kirusi yampasa kufika uwanja wa Trubnaya.

Hapo, katika miaka ya 1860, ilifunguliwa nyumba ya kulia iliyoitwa Hermitage, na bwana wa jiko lake alikuwa Lucien Olivier. Matajiri, waandishi na maprofesa walikaa pale. Tchaikovsky alifanya pale karamu ya arusi yake mwaka 1877, arusi ambayo haikuwa na heri. Saladi aliyoitunga Olivier ilikuwa na nyama ya ndege wa mwituni na kamba wa mtoni, vitu vya watu wenye mifuko mizito. Alifariki mwaka 1883, na husemwa kuwa siri ya mchuzi wake alikwenda nayo kaburini.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 nyumba ile haikudumu, na ndege na kamba wakatoweka mezani. Jina la Olivier halikutoweka. Viazi, karoti, mayai, njegere za kopo, matango ya chumvi na soseji vilikatwa vipande vidogo, vikachanganywa na mayonezi, vikaitwa kwa jina lake. Na usiku wa mwaka mpya ni nadra kuikosa saladi hiyo katika nyumba ya Mrusi. Wako wajuzi waidharauo, wasemao kuwa ni maskini aliyevaa joho la tajiri. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ile ya kwanza ililiwa na wachache. Hii huliwa na dereva, mwalimu na mjane, na kila mmoja huapa kuwa ya mama yake ndiyo ya haki.

Maneno nayo yalipita njia hiyo. Kotleta ya Kirusi si nyama yenye ubavu wake bali ni nyama ya kusaga. Vinegret si mchuzi wa siki bali ni saladi ya bitiruti. Serikali ilipochukizwa na majina ya kigeni mwishoni mwa miaka ya 1940, mkate wa Kifaransa uliitwa mkate wa mjini, na waokaji wakaendelea kuuoka vilevile. Mwaka 2014 jibini za Ufaransa zilipigwa marufuku kuingia nchini. Warusi wakaanza kutengeneza zao, nyingine nzuri, nyingine za kuvumiliwa tu.

Basi mgeni mwenye njaa na aingie stolovaya, nyumba ya kulia ya watu wote, ashike sinia na kupanga mstari. Ataikuta saladi ya Olivier katika bakuli dogo, karibu na supu. Huko Ufaransa saladi ya namna hiyo huitwa ya Kirusi.