Msala wa Misali

Mgeni aulizapo asili ya jina la Misali, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Chake Chake, sisi Wapemba humsimulia kisa cha wazee: Nabii Khidhri alitaka msala akaukosa, ndipo akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea Kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Huko ndiko wavuvi wetu hupiga dago, wakalala siku kadhaa wakivua.

Mwaka 1998 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa hicho kuwa eneo la hifadhi. Watalii huingia kwa ada, na sehemu ya matumbawe imefungwa isivuliwe. Tuliafiki, maana samaki naye ahitaji mahali pa kuzalia. Hata hivyo twakiri kwamba kumwona mgeni akipiga mbizi pale tulipokatazwa kutupa mshipi kulituchoma moyo. Utalii wa Pemba, ambayo kwa hoteli imeachwa mbali na Unguja, unastahili msaada wa Serikali. Lakini ada hiyo imfikie mvuvi, na dago lake libaki.

Mzee mmoja, akianika nyavu, alituambia: "Mgeni huondoka jua likitua, wanangu. Mimi nikiondoshwa hapa, nitakwenda wapi?"