Ngeli za Kaboni

Kuna msemo wa wanafunzi: kemia ogania haisomwi, inamezwa. Na sisi Kidato cha Tano, mchepuo wa PCB, tuliimeza kweli kweli. Watu walikuwa wanapiga msuli mpaka usiku wa manane, methani, ethani, propani, butani. Swali likigeuzwa kidogo tu, chali!

Mimi ni mtu wa mashairi, na Kiswahili ndicho kilichonifungulia mlango. Hebu fikiri, msomaji: nani aliwahi kukariri wingi wa kila neno? Hakuna. Tunajua ngeli. Hata neno geni kama kishikwambi likija, hapo hapo unasema vishikwambi. Kemia ogania nayo ina ngeli zake, ila alama hukaa mwishoni mwa jina. Likiishia na -oli, ujue mle ndani kuna oksijeni iliyoshikana na haidrojeni: hiyo ni alkoholi. Mwanzo wa jina unakuhesabia kaboni: meth- moja, eth- mbili, prop- tatu.

Sarufi yenyewe fupi. Kaboni ina mikono minne. Kekulé alilieleza hilo mwaka 1858. Sasa chukua kaboni nne na haidrojeni kumi. Unaweza kuzipanga kaboni zote mstari mmoja, au tatu mstarini na ya nne ikachomoza katikati. Fomula moja, vitu viwili. Ni kama silabi za “lima” na “mali”: ni zile zile, mpangilio ndio umebadilika.

Haya si ya mtihani tu. Mtaani kwetu fundi cherehani mmoja alikunywa pombe ya vichochoroni Jumamosi. Jumapili akaona ukungu, Jumatatu giza. Hospitali wakasema methanoli. Mtaa haukulielewa neno hilo, ukachagua lile unalolijua: karogwa. Bibi mmoja jirani yake, mjane asiye na mtu, akanyimwa hata salamu. Vijana wakaanza kusema nyumba yake ichomwe.

Nikamkalisha mama jikoni, nikachora kwa mkaa sakafuni. Hii ethanoli, ya kwenye bia, kaboni mbili. Hii methanoli, kaboni moja. Ngeli moja, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ini huigeuza hatimaye kuwa asidi ile ya kwenye siki. Ya pili huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi fomiki, iliyopewa jina la sisimizi kwa Kilatini. Hiyo ndiyo huua neva za macho. Mtu akiwahishwa hospitali mapema anaweza kupona.

Mama akatazama mchoro kimya. “Kumbe kaboni moja tu, mwanangu?”

Jioni ile alichukua sahani ya wali akaenda kwa yule bibi, mchana kweupe, watu wakiona. Akawaeleza majirani barazani kwa maneno yake mwenyewe. Wengine walielewa, wengine walicheka. Nyumba haikuchomwa. Fundi hakupata macho yake tena.

Daftari langu la kemia lote ni la Kiingereza, na mtihani nitaufanya kwa Kiingereza, sawa. Lakini uvumi wa mtaani haukuhitaji tafsiri, ulizaliwa kwa Kiswahili na ukakimbia kwa Kiswahili. Ninyi mnaotafuta cha kuandika, ujuzi nao unahitaji miguu ya kukimbilia. Tuupe.