Njia ya Maji

Masika ya Tanga, kuanzia Machi hadi Mei, hayamwonei haya mwenye gari kuukuu. Langu ni mtumba wa Japani, gari la kawaida tu. Lakini hapa mtaani kwetu Nguvumali ndilo linalogongewa usiku, mama mjamzito anaposhikwa na uchungu apelekwe Bombo. Kwa hiyo nilipokuta kapeti ya nyuma imelowa chepechepe na inanuka uvundo, sikuliona jambo dogo.

Kila mpita njia alikuwa na shauri, na wengi walisema: ziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mmoja alikwisha shika silikoni, tayari kuziba vitundu vya chini ya mlango. Fundi mzee wa mtaani akamzuia.

Mlango wa gari, alitueleza, haukuundwa kuzuia maji yote. Mvua huteremka na kioo, hupenya kwenye mpira wa ukingoni, huingia tumboni mwa mlango, kisha hutokea kwa vile vitundu. Ukiviziba, maji hutuama na bati huoza kutoka ndani, hasa pwani penye upepo wa chumvi.

Tukaanza kutafuta. Tulipaka chaki kwenye mpira wa mlango, tukafunga, tukafungua. Alama ilionekana kwenye fremu yote bila kuruka mahali; basi mpira ulikuwa unakamata. Kisha mzee akamimina maji polepole kwa kopo, akianzia chini kupanda juu, nami nimekaa ndani na tochi. Alipofika kwenye kioo, maji yakachuruzika kutoka nyuma ya jalada la ndani la mlango. Tukalibandua. Nailoni inayoyarudisha maji tumboni mwa mlango ilikuwa imechanwa na aliyebadilisha mashine ya kioo, akaiacha hivyo hivyo. Vitundu navyo vilijaa mchanga.

Tulivizibua kwa waya, tukakata nailoni nzito, tukaibandika kwa gundi, ncha ya chini tukaichomeka ndani ya mlango. Kapeti ilianikwa juani hadi ikakauka kabisa, maana unyevu ukibaki chini yake hula sakafu.

Methali ya ufa ni ya kweli, ila yatutaka kwanza tujue upi ni ufa na ipi ni njia. Hata nyumbani, ndugu msomaji, yapo maneno ya watoto na ya wenzi wetu ambayo hatuwezi kuyazuia yasiingie moyoni. Tuyaachie pa kutokea, yasije yakatuozesha kimyakimya.