Chura Anaumwa

Mdogo wangu wa kiume alipokwenda shule ya bweni, aliniachia beseni lenye chura. Si wale wa kurukaruka uani. Huyu ni wa majini, hana ulimi, na kila mguu wa nyuma una kucha tatu nyeusi. Alitoka katika bwawa la samaki la mjomba, karibu na Masaka, ambako wafugaji hawampendi kwa sababu hula vifaranga vya samaki. "Dada, usimsahau," aliniambia. Nikaahidi.

Sikumsahau, nilimlisha kupita kiasi. Maji yakachafuka mpaka yakanuka, nami kwa aibu nikayamwaga yote na kujaza ya bomba papo hapo. Maji ya bomba yana klorini. Sisi tunayanywa bila shida, lakini chura hunywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita hapo hapo. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ya tatu tumbo lake lilikuwa jekundu, mapaja yamevimba, naye anaelea tu hata nikigonga beseni.

Jumapili mdogo wangu alipiga simu kutoka shuleni. "Hajambo?" Nikajibu, "Hajambo kabisa."

Kesho yake nilimtia chura katika kopo la majarini, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kwenye foleni kulikuwa na mbwa wawili na jogoo. Daktari alicheka, kisha akainama akamtazama vizuri, akasema ni bakteria wa maji machafu. Tatizo lilikuwa kipimo: dawa zake hupimwa kwa kilo za ng'ombe. Tukavuka barabara hadi dukani, tukampima kwenye mizani ya kielektroniki. Gramu 35. Mwenye duka aliifuta mizani ile mara tatu.

Daktari alizimua dawa, lakini alisisitiza kwamba dawa ya kwanza ni maji. Yakae siku nzima katika ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, yabadilishwe kila siku, na nisimguse kwa mikono yenye sabuni.

Mama alipojua kwamba pesa zangu za kutoa nakala za vitabu zimeishia huko, alishika kiuno. "Kwa ajili ya ekikere?" Kwa Kiganda twasema ekikere kirwadde, kwa kiambishi kile kile cha kitabu. Kwa Kiswahili chura anaumwa, kama mama anavyoumwa. Mwaka wa kwanza nilikariri upatanisho huo kwa ajili ya mtihani tu. Jioni ile niliutumia kumtetea chura. Mama hakushawishika hata kidogo. Lakini asubuhi nilikuta ndoo ya maji imeshawekwa nje, na si mimi niliyeiweka.

Jumapili iliyofuata nilimweleza mdogo wangu kila kitu, pamoja na uongo wangu. Alinyamaza muda mrefu, nami nikawa nahesabu dakika za simu.

"Anakula ngozi yake?" aliuliza hatimaye.

Chura huyu hujivua ngozi na kuimeza. Tangu augue sikuwahi kumwona akifanya hivyo, nami nikamwambia.

"Basi mwangalie alfajiri," alisema. "Mimi nilikuwa namwona alfajiri."

Nimetega saa kumi na moja.