Mndimu wa Mama Ukingoni mwa Tana

Atokaye Malindi kwenda Garissa hupita Garsen, Hola na Bura, akiufuata Mto Tana kuelekea utokako. Kwa saa nyingi macho huona vichaka vya miiba na vumbi tu. Kisha hufika Madogo, huvuka daraja, na mji u mbele yake. Kandokando ya maji, migomba, miembe na mipapai imestawi kana kwamba haijui ukame ulio hatua chache nyuma yake.

Nilikwenda kumzuru dada yangu, aliyehamia huko na mumewe. Alipoondoka kwetu alibeba mndimu ndani ya ndoo, mche ulioota kwa mbegu aliyoifukia marehemu mama. Niliukuta sebuleni chini ya pangaboi, majani ya manjano yakipukutika.

"Naunywesha asubuhi na jioni," alisema, machozi yakimlengalenga. "Joto la huku si la kwetu."

Jirani yake, bibi wa Kisomali mwenye shamba kando ya mto, alitia kidole udongoni, akakinusa. "Abaayo, mti huu hauna kiu. Unazama."

Ndoo haikuwa na tundu hata moja. Mizizi nayo huvuta pumzi. Ikikaa majini huoza, na mzizi uliooza haunywi. Basi majani hunyauka kama yenye kiu, na mwenye mti huzidisha maji.

Tuliung'oa taratibu, tukakata mizizi myeusi kwa kisu safi, tukaitoboa ndoo, tukaujazia udongo mpya wa ukingoni uliochanganywa na mchanga wa mtoni. Samadi ya mbuzi, bibi alisema, isubiri hadi mti uchipue. Mgonjwa hapewi pilau. Tukauweka barazani, penye mwanga usio jua kali. Maji upewe pale tu kidole kikikuta udongo mkavu hadi kiungo cha pili. Hapo unyweshwe hadi yatoke chini, kisha uachwe.

Kuuacha ndiko kulikomshinda dada. Siku zote nilizokaa naye aliuzunguka mndimu ule, kopo mkononi, akijizuia.

Mwezi uliofuata aliniletea picha: vijani vitatu, vidogo, vya kijani kibichi. Mwenyezi Mungu amrehemu aliyeifukia mbegu ile. Nasi, kabla ya kuongeza maji, tuitazame mizizi kwanza.