Seven Hills, Vilima vya Ngano na Madaraka

Wageni wengi wakifika Sydney huishia bandarini. Hupiga picha mbele ya Opera House, hupanda feri kwenda Manly, jioni hurudi hotelini wakiamini wameuona mji. Ninawaomba Waswahili wenzangu wasiishie hapo. Pandeni treni ya magharibi pale Central, mpite Parramatta, Westmead, Wentworthville, Pendle Hill na Toongabbie, kisha mshuke Seven Hills. Ni mwendo wa chini ya saa moja, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na kwangu mimi hakuna mahali pazuri zaidi pa kuifahamu Australia.

Uzuri wake haukurupuki kukulaki. Ukitoka stesheni unakutana na vilima vya chini vinavyopanda na kushuka taratibu, barabara pana, nyumba za matofali zenye kipande cha majani mbele, na mikaratusi inayoambua magome yake njiani. Asubuhi kasuku weupe wenye vishungi vya manjano hutua kwenye nyaya za umeme na kupiga kelele hadi mtaa mzima unaamka. Upepo wa bahari haufiki vizuri huku, kwa hiyo Januari jua huwaka kwelikweli. Halmashauri ya Blacktown, ambayo sehemu kubwa ya Seven Hills imo ndani yake, ina wakazi waliozaliwa katika nchi zaidi ya 180. Madukani utasikia Kihindi, Kitagalogi, Kiarabu cha Sudan, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili. Husemwa kwamba vilima hivi vilihesabiwa kuanzia Parramatta, na hiki ndicho cha saba.

Lakini kilichonivuta huku ni nafaka. Tumezoea kusikia kwamba siasa huanzia bungeni. Ukitembea Seven Hills na viunga vyake utaona kwamba siasa za Australia ya wazungu zilianzia shambani na kwenye ghala la serikali, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kupiga kura.

Ardhi hii ni ya Wadarug tangu zama na zama. Waingereza walipotia nanga mwaka 1788 walikuja na wafungwa wengi na wakulima wachache. Udongo wa kando ya bandari ulikuwa mbovu, mazao ya kwanza hayakufaa kitu, na njaa ikawabana. Gavana Arthur Phillip akasogea bara hadi Parramatta, kisha mwaka 1791 likafunguliwa shamba la serikali Toongabbie, kwenye kijito kinachopita jirani na Seven Hills ya leo. Wafungwa walilima kwa jembe la mkono, kwa sababu wanyama wa kukokota plau hawakuwepo. Jua likitua kazi ilikuwa haijaisha: posho waliyopewa ilikuwa nafaka nzima, na kila mtu ilimbidi atafute kinu cha mkono asage mwenyewe kabla ya kula. Mwaka 1792 wengi wao walikufa.

Sehemu ya shamba hilo bado ipo, Winston Hills, upande wa pili tu wa Seven Hills. Inaitwa Oakes Reserve na Palestine Park, na imeorodheshwa kuwa urithi wa jimbo. Usitegemee kuona majengo. Kuna nyasi, miti, kijito chenye maji ya rangi ya chai, na watu wanaotembeza mbwa wao. Nilikaa pale muda mrefu. Ardhi inateremka polepole kuelekea majini, na mtu aliyewahi kushika jembe anaona mara moja kwa nini walichagua hapa: udongo ni mzito, maji yako karibu, na mteremko unatoa mvua ya ziada bila kuibeba mbegu.

Hapa pia ndipo Pemulwuy alipopigana. Alikuwa kiongozi wa Wabidjigal, na kwa zaidi ya miaka kumi aliwasumbua walowezi waliokuwa wakifyeka ardhi ambamo watu wake walichimba viazi vya mwitu na kuwinda. Machi 1797 watu wake walilivamia shamba la Toongabbie, wakafuatwa hadi Parramatta, na vita vikapiganwa mjini. Alijeruhiwa vibaya, akakamatwa, akatoroka. Waliendelea kuchukua na kuchoma mahindi hadi alipouawa mwaka 1802. Wengine wamemwita mwizi wa mahindi. Mimi naona alikuwa mwanasiasa wa kwanza wa vilima hivi aliyejua nguvu ya wageni imewekwa wapi.

Wa pili alikuwa John Macarthur, na huyu alishika ardhi yenyewe ya Seven Hills. Mwishoni mwa 1801 alinunua kutoka kwa Joseph Foveaux, afisa mwenzake wa jeshi, shamba na kundi la kondoo zaidi ya 1,200 katika eneo hili la Toongabbie na Seven Hills. Australia humkumbuka kwa sufu, na kwa miaka mingi sura yake ilikuwa kwenye noti ya dola 2. Lakini utajiri wake wa awali ulitokana pia na nafaka. Maafisa wa jeshi walikuwa na mashamba, walikuwa na wafungwa wa kuyalima, na ndio waliokuwa karibu na ghala la serikali lililonunua ngano na mahindi. Mkulima mdogo alisubiri mlangoni huku mwenye cheo akipokelewa.

Kisa kimoja kinaeleza mengi. Macarthur alikuwa na hati ya deni kutoka kwa Andrew Thompson, mfungwa wa zamani aliyekuwa mfanyabiashara maarufu wa Hawkesbury. Deni hilo liliandikwa kwa busheli za ngano, si kwa fedha. Mwaka 1806 mto Hawkesbury ukafurika, mazao yakasombwa, na bei ya ngano ikapaa. Macarthur akadai alipwe kipimo kilekile cha ngano, ambacho sasa kilikuwa na thamani mara nyingi zaidi. Thompson akasema haki ni thamani ya siku walipokubaliana. Mahakama ikamwunga mkono Thompson. Macarthur akakata rufaa kwa Gavana William Bligh mwaka 1807, naye akaikataa. Tangu hapo Macarthur hakutaka tena hata kukanyaga nyumba ya gavana.

Ugomvi huo wa ngano haukuwa sababu pekee, kwani biashara ya pombe na viwanja vya mjini vilikuwa na uzito wao. Hata hivyo tarehe 26 Januari 1808 jeshi lilimkamata Bligh, na mtu wa kwanza kushika madaraka ya ukatibu wa koloni baada ya mapinduzi hayo alikuwa Macarthur. Julai mwaka huohuo akaja kushika uongozi nani? Foveaux, yule aliyemuuzia shamba. Watu wawili waliopeana ardhi kwenye vilima hivi walikuja kutawala koloni zima kwa zamu. Baadaye Macarthur aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, miaka ya 1820.

Anayestahili sifa kuliko Macarthur, kwa maoni yangu, ni mkewe Elizabeth. Macarthur alipelekwa Uingereza baada ya kumpiga risasi mkuu wake katika pambano la wawili, akakaa huko hadi 1805. Kisha mapinduzi yakampeleka tena kuanzia 1809 hadi 1817. Miaka yote hiyo mashamba ya Seven Hills na Parramatta, mifugo, mavuno na watoto vilikuwa mikononi mwa mwanamke huyu. Nyumba yao, Elizabeth Farm, iliyoanza kujengwa 1793, ipo Rosehill upande wa pili wa Parramatta, nayo ni makumbusho. Ina baraza pana lenye kivuli ambalo mtu wa pwani atalielewa bila kuelezwa, na wageni wanaruhusiwa kukaa kwenye viti na kugusa vitu. Nilikaa barazani nikawaza hesabu za magunia zilizofanywa pale.

Kizazi kilichofuata kilileta wasagaji wenyewe bungeni. James Byrnes wa Parramatta, pamoja na nduguye William, waliendesha kinu cha unga cha mvuke kando ya mto. James akawa mbunge, na mwaka 1866 waziri wa ujenzi katika serikali ya James Martin, wakati ule ule reli ilipokuwa ikipenyezwa kwenye Milima ya Blue. Reli hiyo ilikuwa imeshafika Blacktown tarehe 4 Julai 1860, ikipita hapahapa Seven Hills. Ilipovuka milima, nchi ya ngano ya bara ikapata njia ya kufika bandarini. Treni inayokuleta Seven Hills leo inapita njia hiyohiyo.

Marekani kuna mfano uleule. Cadwallader Washburn, gavana wa Wisconsin kuanzia 1872 hadi 1874, alikuwa mwenye vinu vikubwa vya Minneapolis; kimoja kililipuka tarehe 2 Mei 1878 kwa sababu ya vumbi la unga, watu 18 wakafa. John Pillsbury, ambaye jina la ukoo wake liko kwenye mifuko ya unga hadi leo, aliiongoza Minnesota kuanzia 1876 hadi 1882.

Mfano ulionigusa zaidi, hata hivyo, ulikuja mezani. Dada aliyenikaribisha, mzaliwa wa Nakuru, alisonga ugali wa unga mweupe alionunua Blacktown, na sukuma ya bustani yake mwenyewe. Nikaanza kumweleza habari za Macarthur. "Kaka, kula kwanza, historia itangoja," akaniambia. Tulipomaliza akasema yeye amekulia karibu na Njoro, na hadithi ya mwenye ngano anayetawala haihitaji kumtoa Kenya.

Ni kweli. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alianzisha kampuni ya Unga Limited mwaka 1908, na kinu chake kilikuwa Njoro. Ngano yake ilishambuliwa na kutu hadi akaajiri mtaalamu wa mbegu. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wamaasai kabla ya mikataba ya 1904 na 1911 kuwahamisha. Jina la kampuni lilivuka mpaka, na Arusha wana mtaa wa Unga Limited hadi leo. Dada huyo alifurahi nilipomwambia kwamba wanasayansi wa Sydney hupeleka mbegu za ngano ya Australia zikajaribiwe Njoro dhidi ya kutu ya shina, ile iliyogunduliwa Uganda na kupewa jina la Ug99. Mkate wa Seven Hills unalindwa Nakuru.

Tanzania nayo ina mfano wake. Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene, Tabora, alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kabla ya uhuru, na ukoo wake ulikuwa na vinu Dar es Salaam. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vikataifishwa. Mwalimu Nyerere akamwomba abaki aviongoze kwa niaba ya taifa, akakubali, na likazaliwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Chande alifariki 2017. Kati ya wote niliowataja, yeye ndiye ninayemheshimu zaidi: alinyang'anywa vinu, akaendelea kuhakikisha watu wanapata unga.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata nafasi ya kwenda Sydney, tenga siku moja kwa ajili ya vilima hivi. Shuka Seven Hills asubuhi kabla jua halijawa kali, beba maji na kofia, tembea mitaani bila haraka, kisha nenda Winston Hills ukakione kijito cha Toongabbie. Mchana rudi kwa treni hadi Parramatta na uingie Elizabeth Farm. Uliza kwanza siku zake za kufunguliwa, kwa maana si kila siku. Na ukikutana na Mswahili mwenzako huko Blacktown, msalimie, maana hatakuacha uondoke na njaa.