Bora Liende Si Ubora

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kutimia. Tangu hapo, mtu akitaja "excellence" mbele yangu nasikia kama mlango unafungwa. Basi nimeamua kulichimba hili neno tujue limetoka wapi.

Asili yake ni Kilatini, "excellere": kupanda ukapita wengine, kutokeza juu. Likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza. Ndugu yake ni "Excellency", ile heshima ya marais. Wazazi wetu waliisikia kwa Kiswahili redioni miaka yote ya 1978 hadi 2002: Mtukufu Rais Daniel arap Moi. Umeona? Hili neno lilianza na kimo. Lazima kuwe na mtu chini yako ndio uonekane uko juu.

Kuja Kiswahili, tunasema "ubora", kutoka "bora". Lakini mtaani bora imeshuka bei. "Bora uhai." "Bora tu nifike." Na mbaya kuliko zote, "bora liende". Neno la kilele limegeuka neno la kiwango cha chini kabisa. Na wasee, si tumelizoea!

Lakini tuko na lingine: umahiri. Limetoka Kiarabu, "mahir", mtu aliyeiva kwa ujuzi wake. Hili haliulizi uko juu ya nani. Linauliza tu, kazi unaijua?

Omera, pitia Kibuye Jumapili. Kwa lugha ya mitumba, nguo safi za kuchaguliwa kwanza ni kamera, mabaki ni fagia. Hakuna mteja anauliza muuzaji alipata gredi gani. Upande wa jua kali, fundi anakunja bati liwe sanduku la mwanafunzi wa bweni. Kifuniko kikikataa kukaa, anakigonga tena, kwa sababu mama mwenye pesa atalifungua na kulifunga hapo hapo kabla hajalipa. Huo ni mtihani, na fundi anaufanya kila siku.

Shangazi yangu bado ananiuliza nitarudi chuo lini. Pesa ikipatikana, pengine nitarudi. Lakini digrii haitanijibia swali la leo: hii video ninayoweka usiku huu ni kamera, ama ni fagia nimeipiga pasi?

Wewe je, kazi yako ya wiki hii ni gani kati ya hizo mbili? Sema ukweli.